Gamba Ukingoni mwa Meza: Maisha ya Fundi Ko Bun-liong, 1947–2024

Ndugu, majirani wa Chui-bue, na wenzetu wa kazi ya karamu mliozima majiko yenu leo ili mje: anayelala hapa mbele yetu ni Ko Bun-liong. Wengi mlimwita Fundi Liong. Wale aliowafundisha kazi mlimwita kwa majina mengine, alipokuwa hasikii. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1947 hapa hapa Chui-bue, wilaya ya Neimen, kusini mwa Taiwani, mtoto wa pili wa Mzee Ko Tsui-ong, mkulima wa viazi vitamu, na Bibi Lau Puan. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba hii ya matofali mekundu, na mama yake alipenda kueleza kwamba alitoka amekunja ngumi, na uso kama wa mtu aliyekuta vyombo havijaoshwa. Uso huo aliendelea nao kwa miaka sabini na saba.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kwa miaka sita, akamaliza Juni 1959. Alipenda hesabu na alichukia kuimba. Angependa kuendelea, lakini baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mwezi mmoja tu baada ya kumaliza shule, mama yake alimpeleka mji wa Kishan kwa mpishi wa karamu aliyeitwa Fundi Png. Alikwenda na furushi la nguo mbili na kuku mmoja hai wa kumpa fundi. Marehemu alisema kwamba njia nzima alimwonea kuku huruma, na alipofika akagundua kuwa kuku ndiye aliyekuwa na bahati, maana shida zake ziliisha jioni ile ile. Mwaka wa kwanza aliosha bakuli. Mwaka wa pili alipara samaki. Mwaka wa tatu alipara samaki haraka zaidi.

Katika kundi la Fundi Png palikuwa na desturi moja, na kwa kuwa maisha yote ya marehemu yameshikwa na desturi hiyo, inafaa ielezwe sawasawa. Mgeni akikuta gamba kwenye samaki wake hakuita mtu wala hakupiga kelele. Alilitoa mdomoni, akaliweka ukingoni mwa meza, juu ya kitambaa chekundu, akaendelea kula. Mhudumu akiliona alirudi jikoni na kutaja namba ya meza, basi. Hapo yule aliyempara samaki, si fundi mkuu wala mwenye shughuli, alivua aproni yake, akaenda mpaka mezani, akainama na kusema maneno mawili: ni mimi. Hakueleza kwamba maji yalikuwa haba au kisu kilikuwa butu. Akirudi jikoni kazi iliendelea, na jambo lile halikutajwa tena.

Bun-liong aliyasema maneno hayo kwa mara ya kwanza mwaka 1960, akiwa na miaka kumi na mitatu, mbele ya meza ya akina bibi kumi. Aliinama kwa nguvu mpaka paji la uso likagonga meza, supu ikamwagika, ikabidi aseme ni mimi mara ya pili kwa ajili ya supu. Bibi mmoja akamtia kamba wa baharini mdomoni na kumwambia aondoke upesi kabla hajasababisha la tatu. Hadithi hii aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka yule kamba alikua. Kufikia mwaka jana alikuwa na ukubwa wa kiatu.

Baada ya jeshi, ambako alipika kwa miaka miwili na kurudi akiwa hawezi kupika chakula cha watu wachache, alifunga ndoa na Bi Tan Siu-ha tarehe 12 Desemba 1971. Karamu ya harusi ilipikwa na Fundi Png mwenyewe, na bwana harusi hakuweza kutulia. Mara tatu aliinuka meza kuu akaenda nyuma ya turubai kuonja supu. Mara ya tatu bibi harusi alimfuata akiwa na gauni lake jekundu, na wageni wakadhani kuna ugomvi. Walipochungulia walimkuta amefunga aproni juu ya gauni, anachambua vitunguu. Alisema kwamba kama ndiyo ndoa yenyewe, bora aanze mapema.

Mwaka 1973 marehemu alianzisha kundi lake. Mnajua lilivyokuwa: lori la buluu, turubai la mistari, meza za duara arobaini, hamsini, safari moja mia na kumi barabarani mbele ya hekalu, na masufuria ya mvuke yaliyopangwa kwenda juu kuliko mtu. Alipika harusi zenu, siku za kuzaliwa za wazee wenu na misiba yenu. Wali wake wa kunata wenye kaa hauhitaji kutetewa hapa. Alifundisha vijana zaidi ya arobaini, na wengi wao sasa wana malori yao.

Kilichomchosha marehemu hakikuwa moto wala mvua. Kilimchosha kumwona mtoto mwenye afya amekaa, na mtu mzima amesimama anamhudumia. Jambo hilo lilimtoa nje ya adabu yake. Katika harusi moja mwaka 2016 alimwona mama akimfuata mwanawe wa miaka kumi kutoka meza hadi meza, anamlisha kwa kijiko, mtoto macho yako kwenye simu. Marehemu aliacha jiko akaenda kumuuliza yule mama kama mtoto ana mikono yake mwenyewe au ameazima.

“Anajiandaa na mitihani, Fundi,” mama akasema.

“Mitihani ya kutafuna?”

Familia ile haikumwita tena. Yeye hakujuta. Bi Siu-ha alijuta kwa niaba yake.

Binti zake wawili walianza kazi wakiwa na miaka sita. Siok-bin, aliyezaliwa 1972, alifuta vijiko, akahamia kwenye mayai, na alipofika miaka kumi na mitano aliweza kusimamia masufuria yote ya mvuke huku anafanya kazi ya shule juu ya gunia la mchele. Le-kuan, wa 1974, alichukia kila dakika na alisema hivyo waziwazi. Leo ni muuguzi, na anakiri kwamba kusimama saa kumi na mbili bila kukaa alifundishwa na baba yake, si na chuo. Walipolalamika, marehemu aliwajibu kwamba hawafanyi kazi kwa sababu yeye anahitaji wafanyakazi, anao wa kutosha. Wanafanya ili siku moja wasimame mahali popote bila kumtafuta mtu wa kujificha nyuma yake.

Hayo aliwaambia binti. Sasa ni lazima kuzungumza juu ya mwana.

Ko Siong-an, tunayemwita A-siong, alizaliwa tarehe 4 Mei 1982. Alipokuwa na miezi minane alipata homa iliyokaa siku tisa. Mama wa marehemu alimbeba mpaka hekaluni akamtoa awe mtoto wa Mama wa Rehema, mungu wa kike wa hekalu letu, kama watu wa hapa wanavyofanya kwa mtoto anayeuguaugua. Alivalishwa uzi mwekundu shingoni wenye hirizi, uzi wa kubadilishwa kila mwaka mpaka atakapofika miaka kumi na sita. Homa ilishuka. Na hapo ndipo nyumba nzima ilipokosea, kwa furaha na kwa nia njema. Bibi Puan alitangaza kwamba huyu sasa ni mtoto wa mungu, asikaripiwe, asitumwe, asiguswe. Marehemu, mtu ambaye hakuwa akimwogopa mteja yeyote, alikubali. Alikuwa ameshika mikononi mwake mtoto anayekakamaa kwa homa, na hakutaka kumshika hivyo tena.

Kwa hiyo dada zake walipokuwa wanaosha bakuli elfu moja chini ya bomba, A-siong alikaa kivulini na paja la kuku. Alipodondosha bakuli, bakuli lilikuwa na utelezi. Alipofeli, mwalimu alikuwa na chuki. Bi Siu-ha alimmenyea mapera na kumkatia vipande mpaka akiwa na ndevu. Wanafunzi wa kazi waliulizana kwa sauti ya chini kama huyu ni mtoto wa fundi au mgeni wa meza kuu. Marehemu aliwasikia. Jibu lake lilikuwa kwamba uzi ukitoka, kazi itaanza.

Uzi ulitoka Agosti 1998. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo, Jumamosi, palikuwa na harusi ya meza arobaini, na marehemu alimkabidhi A-siong beseni lake la kwanza: chewa wanane, wa meza ya kwanza hadi ya nane. Alimwonyesha namna ya kushika mkia na kupeleka kisu kuelekea kichwani. Kijana alipara wawili vizuri, wa tatu vibaya, na waliobaki akawapitishia maji tu. Kwenye meza ya kwanza, meza ya wazee wa bwana harusi, Bwana Chua Iong-tsuan alitoa magamba matatu mdomoni akayapanga ukingoni, moja baada ya lingine.

Mhudumu alirudi akasema, meza namba moja. Jikoni wote waliacha kazi. A-siong alikuwa ndani ya lori, amefunga mlango, anasikiliza muziki. Kila mtu alijua yuko wapi. Marehemu alitazama lori, kisha akageuka akamtazama Siok-bin, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na mwiko wa supu mkononi.

“Nenda wewe,” akamwambia.

Siok-bin alivua aproni. Alikwenda, akainama mbele ya watu mia nne, akasema ni mimi. Akarudi, akafunga aproni, akaikoroga supu. Hakumlaumu baba yake siku ile wala mwaka ule, lakini kwa miaka ishirini na zaidi hakuwahi tena kusogelea beseni la samaki baba yake akiwepo. Alimwachia mtu mwingine akaenda kwenye supu. Marehemu aliliona hilo kila siku ya kazi.

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu kijiji hiki hakina siri. A-siong alifungua duka la chai baridi ya maziwa, likafa kabla ya msimu wa mvua. Akafungua chumba cha mashine za kunasa vidoli, akawa mchezaji wake mkubwa. Alilala mpaka saa saba mchana, na mama yake alimwachia tambi mlangoni zikiwa zimefunikwa sahani. Marehemu alipita mlango ule kila asubuhi akielekea kwenye lori, akaitazama ile sahani, akapumua kwa nguvu kama sufuria la mvuke. Alisema amefundisha watoto wa watu arobaini kupara samaki, na wa kwake hajui mkia uko upande gani. Alisema kwa mkewe, kwa majirani, kwa muuza gesi. Le-kuan, ambaye hana uvumilivu wa baba wala wa mama, alimwuliza siku moja kwa nini anawaambia watu wote isipokuwa mwenye mlango.

Februari 2019, siku chache baada ya mwaka mpya wa Kichina, marehemu alikwenda hekaluni. Alimweleza mtunza hekalu, Bibi Gou, ambaye wakati ule alikuwa na miaka tisini na moja, kwamba anaogopa. Kama akimkaripia mtoto aliyetolewa kwa mungu, na akimtoa jasho, je, haitakuwa kuvunja ahadi? Bibi Gou alikuwa anafagia. Hakuacha.

“Liong, Mama wa Rehema alikubali kumlinda asife,” alisema. “Nani alikwambia alikubali kumwoshea vyombo?”

Marehemu alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akarudi nyumbani, na alipofika hakula.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, aliingia chumba cha mwanawe bila kubisha na kumwambia ainuke, kuna samaki. A-siong alisema kwa sauti ya usingizi kwamba yeye ni mtu mzima. Marehemu akasema ndiyo tabu yenyewe. Siku ile alitangaza sheria: hakuna tambi mlangoni, hakuna mapera ya kumenywa, na asiyebeba meza hali mezani. Bi Siu-ha alikubali mbele ya wote, na kwa wiki tatu alificha vipande vya mapera ndani ya sufuria ya wali. Alipokamatwa alisema ni kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu walikuwa shuleni.

A-siong alivumilia miezi miwili, akaondoka kwenda Taichung akisema hataki kutumikishwa. Alikaa huko miezi saba. Alirudi Desemba amekonda, amesimama mlangoni na begi, na Bi Siu-ha akaanza kulia. Marehemu alikuwa anakula. Hakuinua kichwa. Alisema samaki wako kwenye beseni.

Ndivyo A-siong alivyoanza kazi, na isisemwe hapa kwamba alibadilika kama katika filamu. Alikuwa mzito. Alichelewa. Alijikata. Alipara upande mmoja akasahau mwingine. Marehemu aliketi pembeni kwenye kiti cha plastiki akihesabu pumzi zake mwenyewe ili asichukue kisu. Alikuwa na haja moja tu iliyobaki, na aliirudia mara nyingi mpaka wajukuu wakawa wanaisema pamoja naye: kabla hajafa amwone huyu mtoto akienda mezani kwa miguu yake kusema ni mimi. Haikuwa lazima samaki wawe safi. Samaki safi angewapata kwa mtu yeyote.

Cha ajabu, mwaka ukapita, ukapita wa pili, na hakuna gamba lililowekwa ukingoni. Marehemu, ambaye alijua vizuri samaki wale walivyotoka mikononi mwa mwanawe, alianza kushuku. Mei 2022, kwenye karamu ya siku ya kuzaliwa ya mzee mmoja huko Kishan, aliinuka kitini akazunguka nyuma ya lori. Alimkuta Siok-bin amechuchumaa, na beseni la A-siong limefichwa kati ya magoti, anawarudia samaki mmoja mmoja. Yeye ambaye hakusogelea samaki kwa miaka yote ile. Alisema tu kwamba jina la kundi ni lake pia, na hawezi kupeleka takataka mezani.

Marehemu alijishusha chini, kwa shida, akachuchumaa mbele ya bintiye. Le-kuan alikuwa upande wa pili wa lori na alisikia, na ameruhusu yasemwe.

“Bin, mwaka ule nilikutuma wewe,” alisema. “Nilikuonea. Na mdogo wako nilimwibia nafasi yake. Nimekaa na hilo miaka ishirini na minne, sasa nawe unamwibia tena. Weka kisu.”

Siok-bin alikiweka. Alimwambia baba yake kwamba miaka ishirini na minne ni mingi kwa maneno machache namna hiyo. Marehemu akasema anajua. Wakabaki wamechuchumaa, kwa sababu baba hakuweza kuinuka tena na binti hakutaka kumwinua haraka.

Tarehe 11 Machi 2024 madaktari wa hospitali moja ya Kaohsiung walimkuta na saratani ya ini. Aliuliza maswali mawili: umebaki muda gani, na nani atasimamia harusi ya tarehe 23. Wodini aliwachosha wauguzi kwa kutandika kitanda chake mwenyewe na sindano ikiwa mkononi. Aliyelala kitanda cha pili alikuwa na mjukuu wa kike wa darasa la tatu, aliyekuwa akimenyewa machungwa na mgonjwa. Marehemu alivumilia siku mbili, siku ya tatu akamwita yule mtoto akamfundisha kumenya chungwa bila ganda kukatika. Mama wa mtoto alikasirika kwa sababu ya kisu. Siku ya nne mtoto aliingia na machungwa sita, akamenya yote, akamlisha babu yake, na maganda sita yakaning'inia kwenye nguzo ya dripu.

Tarehe 15 Septemba palikuwa na karamu ya hekalu. Marehemu alipelekwa na kiti cha magurudumu, amejifunika blanketi. Siok-bin alikaa mbali na beseni kama alivyoagizwa. Na gamba likaja: meza namba kumi na tisa. Mhudumu alitaja namba. A-siong alikuwa amesimama penye nguzo ya turubai, kisu mkononi, na safari hii hakukuwa na lori la kujificha. Alisogeza mguu mmoja. Watu waliokuwepo wanasema walihesabu mpaka ishirini. Kisha mguu ukarudi. Mgeni wa meza kumi na tisa, mtu mpole, akalichukua gamba lake akalitupa chini, akacheka, akasema si kitu.

Marehemu aliomba arudishwe nyumbani. Aliulizwa kama anaumwa, akasema hapana, amechoka. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la wiki zilizofuata. A-siong alikuja kumgeuza kitandani, kumwosha, kumlisha uji, kazi ambazo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, na alizifanya vizuri kuliko samaki. Marehemu alimwacha. Mara moja alimwambia kwamba mikono yake imekuwa migumu, na A-siong akaitazama kama si yake. Zaidi ya hapo hawakuzungumza.

Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2024, saa tisa alasiri, katika chumba kile kile cha nyuma, mkewe amemshika mguu na wanawe wote watatu wapo. Hakuwa ameipata haja yake.

Wasifu huu ulipokuwa ukiandaliwa, familia ilikaa mezani kuamua nini kisemwe. Bi Siu-ha alitaka habari ya harusi ya 1998 iachwe. Alisema ni msiba, si mahali pa kuanika nguo za ndani. Le-kuan alisema wasifu usio na siku ile utakuwa wa mtu mwingine. Siok-bin alisema yeye hana neno. Wakabishana hivyo mpaka chai ikapoa, na mwishowe ikaelekea kukubaliwa kwamba iandikwe tu kuwa marehemu aliwalea wanawe wote kwa bidii na nidhamu. A-siong alikuwa uani. Aliingia amekunja mikono ya shati, ana magamba mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa ameomba samaki wa majaribio wa kupara. Alisimama mbele ya dada yake mkubwa akavua aproni.

“Iandikwe yote,” alisema. “Gamba la mwaka tisini na nane si la Dada. Ni mimi.”

Akainama. Aliinama vibaya, kama mtu anayetafuta kitu chini ya meza, na akakaa hapo. Siok-bin hakusema amemsamehe. Alimwambia ana gamba kwenye nyusi.

Siku ya Jumatano, bila kutumwa, A-siong alikwenda kwa Bwana Chua Iong-tsuan, ambaye yuko hapa leo, mstari wa tatu, na ana miaka themanini na minane. Akainama, akasema tena. Bwana Chua alifikiri sana, akajibu kwamba hakumbuki gamba lolote, anachokumbuka ni supu, ilikuwa nzuri. Miaka ishirini na sita nyumba nzima inalibeba gamba ambalo mwenye kulikuta alilisahau kabla ya matunda kuletwa. Marehemu angesikia hilo angepumua kwa nguvu, mngemsikia mpaka barabarani.

Marehemu ameacha mjane, Bi Tan Siu-ha; watoto watatu, Siok-bin, Le-kuan na Siong-an; wakwe wawili; wajukuu watano, ambao wote wanajua kufuta kijiko; dada mmoja, Bi Ko A-kim wa Tainan; wanafunzi wake wa kazi arobaini na watatu; na lori la buluu.

Baada ya mazishi mnakaribishwa chini ya turubai. Kuna meza thelathini na mbili na vyakula saba. Chakula cha tano ni chewa wa mvuke. Samaki wote thelathini na wawili amewapara Siong-an peke yake tangu jana asubuhi, na hakuna aliyepita nyuma yake. Siok-bin amekalishwa kwenye kiti cha plastiki cha marehemu, amepewa vitambaa vya kukunja, na mama yake amewekwa karibu kumzuia asiinuke, ingawa na mama mwenyewe anahitaji kuzuiwa. Familia inawaomba jambo moja. Mkikuta gamba, na mtalikuta, msilimeze kwa adabu, msilitupe chini, msiseme si kitu. Liwekeni ukingoni mwa meza, mwendelee kula. Atakuja.

Fundi, jiko limeshikwa na wenyewe. Vua aproni, upumzike kwa amani.